Maswali ya Wasomaji: Mbuni (Mti wa Kahawa) Ndani ya Nyumba

SWALI: Nimepanda mbegu za kahawa mara mbili kwenye kopo. Mwezi umepita na hakuna kilichochipua. Nakosea wapi?

JIBU: Kama ulipanda buni iliyokaangwa, ilikuwa imekufa kabla haijagusa udongo. Hata buni mbichi iliyokaa ghalani kwa miezi mingi mara nyingi haioti, kwa kuwa mbegu ya kahawa hupoteza uhai haraka. Tafuta matunda mekundu yaliyoiva, yaminye mbegu zitoke, osha utelezi wote, kisha zianike kivulini siku chache. Menya taratibu lile ganda jembamba la nje, maana likiachwa huchelewesha uotaji, kisha loweka mbegu kwa saa 24.

Zifukie sentimita 1 tu, upande bapa ukiwa chini, kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Udongo uwe na unyevu bila kutota, na joto liwe karibu nyuzi 25. Mwezi mmoja ni mapema mno: wiki 6 hadi 8 ni kawaida, na penye baridi hata zaidi. Mche utaibuka umebeba mbegu kichwani kama kofia. Tafadhali usiivute, utayachana majani ya kwanza yaliyokunjwa humo ndani. Kofia ikikauka, inyunyizie maji kidogo itaachia yenyewe.

SWALI: Mbuni wangu una kimo cha sentimita 40 na uko dirishani. Majani yanageuka manjano, mengine yana ncha kavu, ingawa namwagilia kila siku.

JIBU: Hilo la kila siku ndilo linalotutia wasiwasi. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji huikosesha hewa hiyo ikaoza. Chomeka kidole, mwagilia pale tu sentimita 2 au 3 za juu zimekauka. Mwaga mpaka maji yatoke matunduni, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani ya chini. Mbuni wenye kiu hulegea wote na kuinuka saa chache baada ya kunyweshwa. Ukilegea huku udongo umelowa, utoe chunguni, kata mizizi yote myeusi na laini, uupande upya kwenye udongo usiotuamisha maji. Usiuhamishie chungu kikubwa, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa.

Halafu angalia ni majani yapi. Ya chini yakiwa manjano yote, shuku maji kwanza. Machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi chanzo ni maji yenye chokaa nyingi. Tumia maji ya mvua. Mbuni hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Mabaka yaliyopauka upande wa kioo ni jua. Kwa asili mbuni aina ya arabika humea chini ya miti mirefu, basi usogeze mita 1 ndani au weka pazia jepesi. Ncha kavu hutokana na hewa kavu au mbolea iliyozidi. Punguza kipimo cha mbolea hadi nusu.

Geuza majani pia. Vidudu vyeupe kama pamba ni vidung'ata: vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila wiki hadi viishe.

SWALI: Je, nitavuna?

JIBU: Ndiyo, ukiwa na arabika, kwani hujichavusha yenyewe; robusta inahitaji chavua ya mti mwingine. Tarajia maua baada ya miaka 3 au 4, na matunda kuiva miezi 7 hadi 9 baadaye. Kikombe kimoja huhitaji takribani matunda 35, na mmea wa chunguni unaweza usiyafikishe kwa msimu mmoja. Penye paka au mbwa, weka chungu wasipofika: kafeini iliyomo kwenye majani na mbegu huwadhuru.