Jibu: Je, kweli hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu?

Salaam mkuu. Umeuliza kama ni kweli marubani weusi wa Tuskegee, wale Wamarekani wa Vita vya Pili vya Dunia, hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza, ili usidanganyike filamu mpya kuhusu wao ikitoka. Si kweli. Nimebishana sana na wenzangu kuhusu hili, na cha kwanza kuangalia ni ripoti za safari zenyewe, magazeti baadaye. Mwanahistoria Daniel Haulman alizilinganisha na kumbukumbu za ndege zilizopotea, akakuta 27 zilidunguliwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wa Kundi la 332, yaani kikosi chao. Wastani wa makundi mengine ya wasindikizaji wa Jeshi la Anga la 15 la Marekani ulikuwa 46! Sifa hiyo inawatosha, haihitaji chumvi.

Ukienda kutazama filamu hiyo, subiri sehemu ya tarehe 24 Machi 1945. Siku hiyo ndege zao za kivita za P-51 zenye mikia myekundu ziliruka kutoka Ramitelli, Italia, hadi Berlin, na Roscoe Brown, Earl Lane na Charles Brantley kila mmoja akaangusha Me 262, ndege ya jeti ya Wajerumani iliyozidi zao kwa kasi. Mimi naisubiri sehemu hiyo kuliko zote.