Muuguzi mpya apewe mlezi gani wadini?

Dada uliyeuliza jinsi ya kuwagawa wauguzi wapya wanaoripoti wadi yako ya wazazi, na kama uwakabidhi kwa waliokaa kazini miaka mingi zaidi: usianzie kwenye miaka. Nimesimamia wadi za umma na za binafsi hapa Nairobi, na kote nimekuta mtindo uleule. Jina la mgeni linaandikwa kando ya jina la mkongwe, basi, mambo yameisha.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayesubiri dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Mkongwe akifika kitandani amekwisha kupima kila kitu kabla mgeni hajafungua kalamu. Katupia jicho mfuko wa mkojo, kagonga goti, katazama kifua, na sindano inaingia. Mgeni ameona kazi nzuri lakini hakuona njia yake. Muuguzi wa miaka miwili au mitatu katika wadi hiyohiyo bado anaipita kazi hatua kwa hatua, na anaweza kuitamka: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, goti likigongwa mguu uruke, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kumwokoa mama magnesiamu ikimzidi, iwe tayari kabla hujagusa dawa. Huyo ndiye mlezi wa miezi ya kwanza.

Patricia Benner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1984 alipopanga ujuzi wa muuguzi katika ngazi tano, kuanzia limbukeni hadi bingwa. Bingwa haendi tena kwa kanuni, huisoma hali nzima kwa mara moja. Mgonjwa anamhitaji sana mtu huyo. Mgeni pia atamhitaji, ila baadaye, akishajua kuuliza, "Sista, ulijuaje?"

Kabla ya kumpanga yeyote, kaa na mgeni umuulize amefanya nini kwa mikono yake mwenyewe. Wa digrii amepitia mwaka wa uanagenzi, wa diploma amekuja na historia nyingine, na vyeti havikwambii nani amezalisha akina mama wengi na nani alikuwa akishika taa tu.

Sasa rosta, maana hapa ndipo mipango mingi hufia. Mlezi akiwa zamu ya usiku na mgeni yuko asubuhi, mgeni huyo hana mlezi. Wapange kama mtu mmoja: wakiingia usiku waingie pamoja, mapumziko wachukue pamoja, na awepo mlezi wa pili anayejulikana tangu mwanzo kwa siku ambazo wa kwanza ni mgonjwa au yuko likizo. Halafu, tafadhali sana, mgeni asihesabiwe kama mkono kamili. Najua hali ya wadi zetu, najua akina mama wawili kitanda kimoja. Lakini ukimpa mlezi wagonjwa wake na mgeni wagonjwa wake, watakutana wakati wa kukabidhiana ripoti tu. Wape kundi moja la wagonjwa walihudumie wawili. Mazungumzo yao ya siku yawe katikati ya zamu, chai ikinywewa, kwa sababu zamu ikiisha kila mtu anakimbilia matatu kabla nauli haijapanda.

Kuhusu tabia, mtazame mlezi mtarajiwa anavyomrekebisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa. Anayepaza sauti pale atamfundisha mgeni kuficha makosa, na kwenye dawa hilo ni hatari kwa mama na mtoto. Usimlazimishe asiyetaka kulea, hata akiwa hodari vipi.

Waambie wote wawili mapema kwamba baada ya wiki mbili utaongea na kila mmoja peke yake, na kwamba kubadilisha mlezi ni jambo la kawaida lisiloandikwa kwenye faili la mtu. Tathmini ya mwisho usimwachie mlezi peke yake. Mgeni hatakuwa huru kumuuliza maswali ya msingi mtu anayejua ndiye atakayempa alama.

Ukiwa na rosta ya mwezi ujao, iweke hapa bila majina tuiangalie pamoja. Anza na zamu za usiku, ndizo ngumu kupanga.