Saratani ya tezi dume, Gleason 3+4: nipasuliwe, nipigwe mionzi au nifuatiliwe tu?

SWALI: Daktari, nina miaka 66. PSA yangu, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 7.8. Wakanitoa vinyama 12 kwenye tezi dume, vitatu vikakutwa na saratani, Gleason (alama ya ukali wake) 3+4=7. MRI inaonyesha haijatoka nje ya tezi. Daktari wa upasuaji anataka tuitoe, wa mionzi anasema mionzi inatosha, na mwanangu amesoma kwamba wengine hufuatiliwa tu bila tiba. Nina presha, natumia dawa. Usiku naamka mara nne kukojoa. Nifuate la nani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa majibu hayo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ni mpasuaji, kwa hiyo nisome ukilijua hilo.

Hao madaktari wawili hakuna anayekudanganya. Uingereza walifanya utafiti uitwao ProtecT: wanaume 1,643 walipangwa kwa kura, wengine wapasuliwe, wengine wapigwe mionzi, wengine wafuatiliwe. Matokeo ya miaka 15 yalitoka mwaka 2023, na katika kila kundi watu kama 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Tofauti ilikuwa kwenye kusambaa: kama 9 kati ya 100 kwa waliofuatiliwa, kama 5 kwa wale wengine. Tena, 6 kati ya 10 walioanza kwa kufuatiliwa waliishia kutibiwa. Usiyabebe yote kama yalivyo, maana wengi wao saratani yao ilikuwa pole kuliko yako. Ila kati ya kisu na mionzi, kwa hali kama yako, swali kubwa ni madhara yapi unaweza kuishi nayo.

Ukipasuliwa utakaa na mpira wa mkojo wiki moja hadi mbili. Ukitolewa, pedi. Ukikohoa, ukiinuka kwenye kiti, mkojo unachuruzika, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda na mazoezi ya misuli ya nyonga yanavyofanywa kwa bidii. Wachache hubaki nao. Nguvu za kiume hushuka mara moja, na kurudi kwake hutegemea umri, zilivyokuwa kabla, na kama mishipa ya fahamu iliyo kandokando ya tezi imeweza kuachwa. Manii hayatoki tena kabisa. Hili wengi huambiwa wakiwa wameshashonwa. Faida yake ni kwamba PSA inatakiwa kushuka hadi karibu na sifuri, hivyo ugonjwa ukirudi unaonekana mapema, na mionzi bado ipo akiba. Kuanza na mionzi kisha kuja kutoa tezi inawezekana, lakini ni kazi ngumu na madhara yake ni makubwa zaidi.

Mionzi haina kidonda. Mara nyingi ni vipindi 20 kwa wiki nne, na vipo vituo vinavyomaliza kwa vipindi vitano. Shida zake ni mkojo wa kubana ghafla, tumbo la kuendesha, na kwa wachache damu kwenye choo baada ya miezi au hata miaka. Nguvu za kiume hupungua polepole. Uliza pia kama utaongezewa sindano za kushusha homoni kwa miezi kama sita, maana zina joto la ghafla, uchovu na kukosa hamu ya tendo la ndoa.

Sasa hiyo mara nne usiku. Kwangu ina uzito kuliko PSA yako. Kama tezi ni kubwa na imebana njia, mionzi inaweza kuizidisha shida kwa muda, wakati upasuaji unaondoa kizuizi chenyewe. Lakini huenda tezi haihusiki: sukari, vinywaji vya jioni, au dawa ya presha ya kukojoza inayomezwa jioni badala ya asubuhi. Pima sukari, muulize daktari wako saa ya kumeza dawa hiyo, na uangalie kwenye MRI ujazo wa tezi. Omba pia kipimo cha kasi ya mkojo.

Mwanao naye hajakosea, ila kufuatiliwa si kuachwa: ni PSA kila baada ya miezi kadhaa, MRI, na kutolewa vinyama tena. Kwenye Gleason, seli za 4 ni kali kuliko za 3, na namba ya kwanza ndiyo ya seli zilizotawala, kwa hiyo 3+4 ni nafuu kuliko 4+3. Muulize mtaalamu wa patholojia hiyo 4 ni asilimia ngapi, na kama ina umbo la kribrifomu, yaani vitundu vitundu kama chekecheo. Ikiwa chini ya asilimia 10 na bila umbo hilo, ufuatiliaji unajadilika. Umbo hilo likiwepo, mimi nisingekushauri usubiri.

Kwa nilichokisoma, tezi ikiwa kubwa na moyo wako uko sawa, naegemea upasuaji. Ikiwa ndogo, mionzi ni nzuri vilevile na sitabishana na mwenzangu. Saratani ya aina hii haikimbii. Wiki chache za kufikiri hazikupotezei kitu. Nenda na mama nyumbani, maana haya yanamhusu naye, na umuulize mpasuaji: kati ya uliowapasua, wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka? Ukiupata ujazo wa tezi na asilimia ya ile 4, niandikie tena.