Jioni ya kwanza Istanbul: msilipie kitu chenye saa

Mdogo wangu, hongera sana kwa ndoa. Nimekuelewa: mnatua Istanbul saa kumi na mbili na nusu jioni, ndiyo fungate yenu, na mwenzio tayari anataka kulipia chakula cha usiku kwenye boti ya Bosphorus, ule mlango wa bahari unaopita katikati ya mji, saa mbili na nusu usiku huohuo ili siku isipotee. Unauliza kama muda unatosha. Hautoshi. Na hata ungetosha, bado ningekusihi msiende, kwa sababu mimi na mume wangu tulifanya jambo hilohilo Novemba 2023 na nusura lituharibie safari.

Sisi hatukulipia boti, tulilipia onyesho la madarweshi, wale masufi wanaozunguka papo hapo kwa ibada, la saa mbili usiku. Ndege ilikanyaga ardhi saa kumi na mbili kasoro robo. Kwa hesabu za mezani, muda wa saa mbili na robo unatosha kabisa. Lakini uwanja mpya wa Istanbul ni mkubwa mno: kutoka mlango wa ndege hadi kwenye foleni ya pasipoti unatembea mpaka miguu inakumbuka. Foleni nayo ilikuwa ndefu, kisha mabegi yakachelewa. Tulipotoka nje ilikuwa saa moja na robo, na hapo mji bado uko mbali. Uwanja uko kaskazini kabisa, karibu na Bahari Nyeusi, na hadi Sultanahmet, mtaa wa kale ilipokuwa hoteli yetu, ni kama kilomita 40. Jioni barabara zimejaa. Saa mbili ilipogonga tulikuwa ndani ya teksi, tumenyamaza, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Hela ya onyesho ikaenda, na mimi nikaanza kutafuta wa kumlaumu. (Hakikisheni pia tiketi yenu inasema uwanja gani, maana kuna mwingine, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia, na hesabu ya njia inabadilika.)

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba teksi si lazima ifike mlangoni pa hoteli. Sultanahmet ni mji wa kale. Vichochoro vingi ni vyembamba, vingine vimefungwa kwa magari. Dereva alitushusha kando ya njia ya tramu, akanyoosha mkono kuelekea kilimani. Tukaburuta masanduku juu ya mawe ya kupangwa, gurudumu moja likang'oka. Kwa hiyo andikieni hoteli mapema muwaulize: gari linaishia wapi, na tunatembea hatua ngapi? Watakujibu vizuri, maana swali hilo wanalijua. Na ramani ya mtaa huo ihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka, ifunguke hata kama huna intaneti.

Sasa nikueleze kilichotokea mapokezi, kwa sababu hapo ndipo jioni ya kwanza huvunjika au husimama.

Kijana wa mapokezi aliomba pasipoti zote mbili. Mume wangu alikuwa ameshika yake, yangu iko chini kabisa ya begi, chini ya nguo. Uturuki sheria inataka kila mgeni anayelala hotelini aandikishwe, mume na mke pia, kwa hiyo hakuna njia ya mmoja kumwandikisha mwenzake kwa maneno. Nikafungua sanduku pale sakafuni mbele ya wageni wengine, nimechoka, nina njaa.

Kisha akaomba kadi. Chumba tulishakilipia, lakini hoteli huzuia kiasi fulani kama dhamana, ikitokea umevunja kitu au umekula vilivyomo kwenye friji ya chumbani. Kadi ikakataa. Benki iliona malipo yanatoka nchi ngeni usiku, ikaifunga. Nilikuwa nimemwambia mume wangu wiki nzima awaarifu benki, naye alisahau. Nikasema maneno. Naye akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake mbele za watu. Miaka minne ya ndoa, na ugomvi wetu wa kwanza hadharani ukawa ni kwenye meza ya mapokezi ya hoteli, ugenini.

Kuhusu hiyo dhamana, jua kwamba kama kadi yenu inakata moja kwa moja kwenye akaunti, hela iliyozuiwa hamtaigusa mpaka siku kadhaa baada ya kuondoka. Msiweke hela yote ya matembezi kwenye kadi moja. Bebeni kadi mbili, za watu wawili, kwenye mikoba miwili. Na mashine ikikuuliza ukatwe kwa lira au kwa pesa ya kwenu, chagua lira. Ile nyingine inakuja na kiwango cha kubadilisha fedha kinachokuumiza.

Tulivuka hilo kwa kadi yangu. Tukapanda juu, tukafungua mlango, tukakuta vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, katikati kuna meza ndogo yenye taa. Nikakaa kwenye kimoja nikalia.

Nilipotulia nikaangalia karatasi ya uthibitisho. Kosa lilikuwa letu nusu, lao nusu. Kwenye mitandao ya kuweka nafasi, "chumba cha watu wawili" kinaweza kuwa kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili, na ombi la kitanda unaloliandika pale ni ombi tu, wanaolipokea hawajafungwa nalo. Nyinyi mko fungate, hili msiliachie bahati. Leo hii iandikie hoteli yenyewe, si ule mtandao: waambie ni maharusi, mnataka kitanda kimoja, na mtafika baina ya saa tatu na saa nne usiku. Hilo la saa lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mgeni anayechelewa bila taarifa anaweza kuhesabiwa kuwa hakuja, na hoteli iliyojaa ikampa chumba chake mtu mwingine.

Na kwa wengine watakaosoma hapa, ambao ndege zao zinatua baada ya saa sita usiku: angalieni tarehe kwa makini. Safari yetu ya pili, mji mwingine, tiketi iliandika tarehe 15, saa 00:50. Tukaweka chumba kuanzia tarehe 15. Tulipofika tukaambiwa chumba chetu kinafunguliwa saa nane mchana. Sisi tunaosema "usiku wa kuamkia tarehe 15" tulipaswa kulijua hilo kuliko wote: usiku ule kwa hoteli ni wa tarehe 14. Tulilipa usiku mmoja zaidi.

Nirudi Istanbul. Yule kijana wa mapokezi alikuja kugonga mlango na mwenzake. Hoteli ilikuwa imejaa, hakuwa na chumba kingine, lakini waliiondoa ile meza, wakasukuma vitanda pamoja, wakatandika shuka moja kubwa juu yake. Kesho yake walituhamisha. Lakini usiku ule, kabla ya kutoka chumbani, yule kijana aliweka kwenye dirisha glasi mbili ndogo za chai, zile zenye kiuno chembamba, na sukari pembeni. Hakusema kitu. Nadhani alitusikia kule chini.

Tulikunywa ile chai tukiwa tumekaa sakafuni. Mume wangu akasema, "Twende tukale tu, tusitazame chochote." Hapo ndipo safari yetu ilipoanza.

Tulipata duka la supu lisilozidi dakika tano kwa miguu. Supu ya dengu nyekundu, limau la kukamua, pilipili ya unga juu, mkate uliletwa bila kuagizwa. Nilimwangalia akila nikaona jinsi alivyochoka, kitu ambacho tangu uwanja wa ndege sikuwa nimekiona kwa sababu nilikuwa naangalia saa.

Kisha tukapita uwanja wa Sultanahmet, pale ambapo zamani farasi walikuwa wanashindana. Usiku makundi ya watalii yameondoka. Upande mmoja uko msikiti wa Sultan Ahmed na minara yake sita, upande wa pili Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, iliyokamilika mwaka 537, na kati yao kuna mabenchi. Hakuna tiketi, hakuna foleni, hakuna saa ya kuwahi. Nendeni mkaguse kwa macho ule mnara wa jiwe la itale uliosimama peke yake: ulichongwa Misri enzi za Farao Thutmose wa Tatu, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, ukasimamishwa pale mwaka 390. Maandishi yake bado yanasomeka kana kwamba fundi ameondoka jana. Tulikaa chini yake muda mrefu. Akaniomba radhi kwa ile sauti, nami nikamwomba radhi kwa yale maneno. Paka wa mtaani akaja kulala juu ya kiatu chake.

Tahadhari moja ndogo: mkitembea hapo, mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yenu, muiteni au mpiteni, ila msikubali akaanza "kuwashukuru" kwa kuwang'arishia. Mwisho wake ni bei.

Alfajiri, saa kumi na mbili na robo hivi, adhana ilitukuta macho. Ilianza msikiti mmoja, ikanyamaza, mwingine ukapokea, kisha ule wa kwanza ukajibu tena. Tuliisikiliza kupitia dirisha tulilolisahau wazi, hadi ikaisha.

Kwa hiyo mwambie mwenzio boti ni jambo zuri, aihamishie usiku wa tatu, mkiwa mmeshaujua mji na mmelala vya kutosha. Kama ameshalipa, waandikie wenye boti leo. Kubadilisha tarehe kabla ya siku yenyewe ni rahisi kuliko kudai hela baada ya kukosa. Jioni ya kwanza iwe ya kuoga, supu na yale mabenchi. Pasipoti zote mbili ziwe mkononi kabla hamjashuka kwenye gari, na mmekubaliana mapema nani anaongea mapokezi na nani anakaa na mizigo.

Hoteli ikikujibu, niandikie ni mtaa upi, nikuambie teksi iwashushe wapi.