Mama amekataa sindano yenye asili ya nguruwe: tufanye nini?

SWALI: Shehe, asalaam aleikum. Niko Birere, hapa Goma. Mama alivunjika paja, akapasuliwa. Hospitali wanamchoma enoxaparine, sindano ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na wamempa jelule (dawa ya ndani ya ganda) za omeprazole za kupunguza asidi ya tumbo. Kwenye notisi (karatasi ya maelezo) ya sindano nimekuta "muqueuse intestinale porcine", yaani utando wa utumbo wa nguruwe. Tangu jana amekataa sindano. Anasema Mungu hakuweka ponyo katika haramu. Jelule nazo hataki kuzimeza. Tumwambie nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kabla ya hukumu, nenda sasa hivi umwambie daktari wa zamu kwamba jana mama hakuchomwa. Aliyepasuliwa paja hulala muda mrefu, damu huweza kuganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni huua ghafla. Msimchome dozi mbili kufidia ya jana, wala msimpe aspirini kwa akili zenu. Daktari ndiye atakayesema aendelee vipi.

Notisi imesema kweli. Enoxaparine hutokana na heparini, na heparini hiyo hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe. Hata hivyo, mama anayo ruhusa. Aya ya 173 ya Suratul Baqara inayoharamisha nguruwe ndiyo hiyo hiyo inayomwondolea dhambi aliyefikwa na dharura bila kutamani wala kupita kiasi. Maneno anayoyataja mama yamepokewa kweli, ila Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa yanahusu pale ambapo kuna kitu safi kinachotosha badala yake. Kikikosekana, najisi isiyokuwa ulevi yafaa kwa tiba. Na Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Zubeir na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho tu, ugonjwa usioua.

Basi ulizeni kama kitu safi kipo. Mwambieni daktari: "Mama ni Mwislamu, anaepuka dawa ya nguruwe. Je, fondaparinux au rivaroxaban yamfaa, na inapatikana leo?" Kiini cha dawa hizo mbili za kuzuia damu kuganda hutengenezwa maabara, hakitoki kwa nguruwe. Fondaparinux ya kinga kwa kawaida ni 2.5 mg mara moja kwa siku, lakini figo mbovu huizuia, kwa hiyo daktari ataangalia figo, uzito na kama kidonda kinavuja damu. Ikiwa haipo mjini, au bei inawashinda, au daktari ameona haimfai, sharti limetimia: mama achomwe na moyo wake utulie. Kumwacha bila kinga siku kadhaa mkingoja dawa ivuke mpaka hakuruhusiwi.

Huenda mkasema daktari si Mwislamu, maana hospitali nyingi hapa ni za makanisa. Anayejua kazi yake na mkweli huaminiwa. Katika Hijra Mtume (s.a.w.) alimwamini kiongozi wa njia, Abdullah bin Uraiqit, naye hakuwa Mwislamu, na roho yake ilikuwa mikononi mwa mtu huyo.

Jelule ni habari nyingine. Shaka iko kwenye ganda: notisi huandika "gélatine" bila kusema ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Wanazuoni na matabibu waliokutana Kuwait mwaka 1995 walisema gelatini imekwisha geuka kitu kingine, hivyo ni safi; Baraza la Fiqhi la Kimataifa huko Amman mwaka 1986 lilikataza ya nguruwe katika chakula. Madhehebu yetu hubana sana mlango huo wa kugeuka. Mimi nashika tahadhari pale mbadala ulipo karibu, na hapa upo: mwombeni daktari abadilishe ordonansi (karatasi ya dawa) iwe vidonge vya "gastro-résistant", yaani visivyoharibiwa na asidi ya tumbo, kwa mfano pantoprazole, vimezwe vizima. Kama jelule mmeshanunua na fedha ya nyingine hakuna, muulizeni mwenye farmasi kama ya aina hiyo yaweza kufunguliwa. Ya omeprazole yenye chembechembe kwa kawaida hufunguliwa: chembe humwagwa kwenye kijiko cha yauti, humezwa papo hapo bila kutafunwa, ganda hutupwa. Zikitafunwa, asidi ya tumbo huiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Msifungue jelule nyingine yoyote kwa kuiga hii.

Yapo pia mambo watu huyaogopa bure. Insulini ya binadamu inayouzwa leo hutengenezwa kwa bakteria au hamira, si kongosho la nguruwe kama zamani. Mwenye sukari asiiache kwa kusikia maneno ya mtaani.

Kuhusu sala, sindano haivunji udhu wa mama, wala tone la damu linalotoka pale tumboni. Tone la dawa likibaki juu ya ngozi, lioshwe kwa maji, kisha aswali hata akiwa amelala.