Zahanati na hospitali kubwa haziongei? Nimekaa pande zote mbili, ngoja nieleze

Mleta mada ameuliza hivi: bi mkubwa wake (mama yake mzazi) ana presha na sukari. Hospitali kubwa ya rufaa imemwandikia aendelee na dawa zahanati ya karibu. Kufika zahanati kaambiwa dawa hizo hawana, arudi alikotoka. Kaenda na kurudi mara nne, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na foleni za Dar tunazijua. Sasa jamaa anauliza, hivi hawa watu huwa hawaongei?

Mkuu, hawaongei. Nimekuwa tabibu miaka saba kwenye zahanati ya pembezoni mwa jiji, baadaye nikaenda kusoma udaktari, sasa hivi niko wodini kwenye hospitali kubwa (sitaitaja, msinitafutie matatizo). Nikiwa zahanati nilikuwa nawalaumu wa hospitali. Nikiwa hospitali nimejikuta nawalaumu wa zahanati.

Barua ya rufaa tuliyokuwa tunatumia ilikuwa na sehemu mbili. Juu unaandika hali ya mgonjwa, ulichompa na kwa nini unamtuma. Chini kuna kipande cha kuchana ambacho daktari wa kule anatakiwa akijaze kirudi kwako: tumemkuta na hiki, tumempa hiki, wewe endelea na hiki. Nilinunua kaunta buku kwa hela yangu, nikapiga mistari: jina, tarehe, tatizo, alikopelekwa, mrejesho. Buku likafika katikati, safu ya mrejesho nyeupe tupu. Vipande vilivyorudi ungevihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kuna mzee mmoja, fundi cherehani, alikuwa anachukua kwangu vidonge vya sukari, glibenklamidi. Sukari ikamzidi, nikampa rufaa, akalazwa, akaruhusiwa akiwa anachoma insulini. Hayo yote mimi sikuyajua. Wiki kama mbili baadaye, alfajiri, binti yake anamleta kwa bajaji. Mzee kalowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayashikani. Nikamtoboa kidole, sukari 2.1, imeshuka mno. Tukamwekea glukosi ya mshipani, na baada ya dakika chache akafumbua macho akauliza kama ameshaswali.

Binti akafungua fundo la khanga, akamwaga dawa mezani. Boksi la insulini la hospitali, na pembeni yake bahasha ya khaki yenye mwandiko wangu mwenyewe: 1×2. Mzee alikuwa anatumia vyote viwili, na vyote vinashusha sukari. Hospitali hakuna aliyemwambia aache vidonge, na sijui hata kama walijua anavyo. Mimi dirishani kwangu alikuja kijana kuchukua dawa za baba kama kawaida, nikampa. Zaidi ya hapo insulini yenyewe ilikuwa inakaa juu ya kabati, chini ya bati. Friji hana, na hakuna aliyemuuliza. Tulimwelekeza aipoze kwa ile njia ya chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Inasaidia.

Sasa nisiwe mnafiki, tuhamie upande wa pili. Nilipofika hospitali nikaanza kupokea barua za kutoka huko nilikotoka. Nyingine mstari mmoja: "Naomba umuone mgonjwa huyu." Basi. Presha ilikuwa ngapi? Ametumia dawa gani, tangu lini? Unamuuliza mgonjwa, anakwambia nilipewa vidonge vidogo vyeupe. Vidonge vidogo vyeupe nchi hii viko vingapi! Nje watu wamejaa kwenye mabenchi, barua unaibana kwenye faili, faili linaenda masjala, na kile kipande cha chini kinalala humohumo bila kuchanwa. Nimeviona kwa macho yangu. Mara nyingi si roho mbaya, ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kukirudisha. Na dharau ipo pia, tusidanganyane. "Hawa wa zahanati bwana" nimeisikia mara nyingi.

Halafu kuna suala la mabosi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, maana yake TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Hospitali za rufaa za mikoa, kwa hapa Dar Amana, Temeke na Mwananyamala, ziko chini ya Wizara ya Afya moja kwa moja. Mganga mfawidhi (msimamizi) wa zahanati akilalamika, malalamiko yanapanda ngazi ya kwao, hayakatizi kwenda kwa jirani.

Hilo la bi mkubwa kukosa dawa nalo lina sababu yake. Mwongozo wa taifa wa matibabu unaipangia kila dawa ngazi yake, na zipo ambazo hazikupangwa kwa zahanati. Daktari bingwa akiandika dawa ya ngazi ya juu kisha akasema "malizia zahanati", amemtuma mtu dukani kununua kitu kisichouzwa. Hapo kosa ni letu wa hospitali, sio la yule dada wa dirishani.

Wanaosema haiwezekani, angalieni wajawazito. Mama anatembea na kadi yake ya kliniki, mkunga wa zahanati anaandika humo, na hospitali wanaandika humohumo. Dharura ikitokea kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, unapiga 115 bure, usafiri unapangwa na wanaompokea wanajua anakuja. Wa presha na sukari anakuja na makaratasi matano yaliyokunjwa, moja limelowa mvua.

Kwangu kilichobadilisha mambo, nikiwa bado zahanati, ni kwamba Alhamisi moja niliomba ruhusa, nikapanda daladala mwenyewe mpaka kliniki ya sukari ya ile hospitali. Sikumtafuta daktari, maana madaktari wanazungushwa kila mara. Nilimtafuta dada muuguzi ambaye yuko pale miaka yote. Tukapeana namba, nikamwonyesha kaunta buku, akacheka kwanza, kisha akaona aibu. Tangu hapo nikimtuma mtu namtumia ujumbe, na Ijumaa jioni ananipigia: yule kaongezewa dozi, yule kaachishwa vidonge. Tulijaribu pia grupu la WhatsApp la vituo vyote. Mwezi wa pili likawa la salamu za asubuhi na michango ya harusi, na kuna mtu aliweka picha ya kidonda cha mgonjwa na jina lake. Nikatoka.

Kwa bi mkubwa: nunueni daftari moja gumu, kila anayemuona aandike humo, na usione haya kumwomba daktari aandike. Dawa zote, hata za kienyeji, ziende kwenye mfuko mmoja kila safari. Kabla ya kutoka chumbani kwa daktari muulize aache dawa gani, na zahanati ikikosa hii mbadala wake ni upi. Kisha muulize muuguzi wa kliniki namba ya kupiga.

Ukienda wiki ijayo, mkuu, leta mrejesho hapa.