Kutoka Ziwa Tanganyika Hadi Kwenye Barafu: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

SWALI: Ndugu mjibu maswali, shikamoo. Mimi ni binti mkazi wa Mwanga, Kigoma. Nina shahada ya kwanza ya sayansi za majini, na kwa sasa nina kazi ya mkataba katika timu inayopima maji ya Ziwa Tanganyika. Ninatamani kusoma uzamili na hatimaye uzamivu katika sayansi ya mazingira ya ncha za dunia, lakini kila ninayemweleza huniuliza mtu wa Kigoma na barafu wapi na wapi. Je, Mtanzania anaweza kupata nafasi, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nafasi zipo, na wanaokuuliza hivyo hawajui kazi unayoifanya kila siku. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake ya juu hayachanganyiki kikamilifu na ya chini, kiasi kwamba sehemu kubwa ya vilindi vyake haina oksijeni kabisa. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha ushahidi kwamba ongezeko la joto limezidi kutenganisha matabaka hayo, virutubisho vikabaki chini, na uzalishaji unaolisha samaki wa ziwa hili, dagaa wakiwemo, ukapungua. Sasa tazama Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, kwenye mabonde makavu ya McMurdo: maziwa ya Bonney na Fryxell yamefunikwa na barafu mwaka mzima, na maji yaliyo chini ya barafu hiyo nayo yamejipanga kwa matabaka yasiyochanganyika, sababu kubwa ikiwa ni chumvi. Katika Ziwa Vanda, lililo katika eneo hilohilo, maji ya chini kabisa yana joto linalozidi nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali juu yake kuna barafu nene.

Wanaochunguza maziwa hayo huuliza maswali yaleyale mnayouliza ninyi. Anayejua kushusha kipimo kwa kamba kutoka kwenye boti inayoyumba, akasoma joto na oksijeni kwa kila kina, akaisuuza chupa kwa maji ya palepale kabla ya kuchukua sampuli, na akaandika saa na kina kwenye daftari kabla mkono haujakauka, amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya mtafiti wa maziwa ya ncha za dunia. Nusu iliyobaki ni kutoboa barafu na kustahimili baridi, na hayo hufundishwa. Kwa hiyo, katika maombi yako, usijieleze kama mtu anayetamani kuona theluji. Andika kwamba unayafahamu maji yenye matabaka, kwamba umeshiriki kukusanya takwimu za ziwa la pili kwa kina duniani, na kwamba unataka kulinganisha.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ninakushauri uitazame Ujerumani kwanza. Taasisi ya Alfred Wegener, iliyoko Bremerhaven, ndiyo inayoendesha meli ya utafiti Polarstern, iliyoongoza msafara wa kisayansi wa MOSAiC uliokwenda na barafu ya Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, mwaka 2019 hadi 2020. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Bremen, chenye programu za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza, na vyuo vya umma vya jimbo hilo havitozi ada ya masomo kwa shahada ya namna hiyo, isipokuwa mchango wa kila muhula. Kikwazo kikubwa ni viza, kwa kuwa asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima, karibu euro 12,000, zikiwa zimewekwa katika akaunti maalumu. Ndiyo maana ni vyema kuomba mapema ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi.

Norwei imekuwa ghali kwa uzamili, kwani tangu mwaka 2023 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hulipishwa ada. Uzamivu, hata hivyo, huko ni ajira: nafasi hutangazwa kama kazi, nawe hulipwa mshahara kwa miaka mitatu au minne. Ukisajiliwa katika chuo kingine unaweza kuomba kozi za UNIS, kituo cha masomo ya chuo kikuu kilichoko Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, kwenye latitudo ya nyuzi 78 kaskazini, ingawa kituo hicho chenyewe hakitoi shahada. Huko jua halichomozi kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, na mwanafunzi hufundishwa kutumia bunduki kwa sababu ya dubu weupe. Zingatia pia kwamba Svalbard haidai viza, lakini utapita Norwei bara, hivyo utahitaji viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inayokuruhusu kuingia zaidi ya mara moja.

Kwa Afrika, nchi pekee iliyotia saini Mkataba wa Antaktika ulipoanzishwa mwaka 1959 ni Afrika Kusini. Ina kituo cha utafiti cha SANAE IV huko Antaktika na meli ya S.A. Agulhas II inayoondoka Cape Town. Fedha zake nyingi za utafiti huwalenga raia wake kwanza, kwa hiyo mtafute msimamizi mwenye mradi wake kabla ya kutafuta fedha. Tanzania haimo katika mkataba huo, jambo linalopunguza baadhi ya ufadhili lakini halimzuii Mtanzania kufanya kazi katika timu ya nchi nyingine.

Jiunge na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa ncha za dunia, kwa kuwa uanachama wake ni bure na matangazo ya nafasi hupita humo. Halafu nenda kwa daktari wa meno. Programu nyingi za Antaktika hukataa mtu mwenye jino bovu, kwa sababu kumsafirisha mgonjwa kutoka kule wakati wa baridi kali ni jambo la hatari.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chuo, mzaliwa wa Urambo, Tabora. Uzamivu wangu ulihusu masizi yatokanayo na mabani ya kukaushia tumbaku. Je, ninaweza kupata nafasi ya utafiti baada ya uzamivu kuhusu Aktiki?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu. Masizi yanapotua juu ya theluji huifanya inyonye mwanga wa jua badala ya kuurudisha, na ikayeyuka mapema; ndiyo maana wataalamu wa kuyapima wanahitajika. Sema wazi kwamba vyanzo vikubwa vya masizi ya Aktiki viko kaskazini, wala si Urambo. Unachopeleka ni mbinu yako ya kuyakusanya kwenye vichujio na kuyatambua.

Elekeza nguvu kwenye ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie. Uraia wowote unakubalika, mradi usiwe umezidisha miaka minane ya utafiti tangu upate uzamivu, wala usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Maombi kwa kawaida hufungwa Septemba, na andiko huandikwa pamoja na mwenyeji, hivyo barua ya kwanza kwa profesa unayemlenga iwe imefika kwake kabla ya Aprili, ikiwa na ukurasa mmoja wa wazo lako na makala yako moja iliyochapishwa.